Mizani ya Maana: Mantiki na Usemi wa Kariakoo

Elimu ya lugha ina matawi kadha: tawi la sauti, la maumbo ya maneno, la muundo wa sentensi, na la maana. Katika Kiswahili matawi matatu ya kwanza yamepata watumishi wake. Taasisi iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na ambayo mwaka 2009 iliingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilitoa vitabu vitatu vinavyojulikana sana na wanafunzi: cha sarufi miundo mwaka 1999, kisha cha sarufi maumbo na cha fonolojia. Tawi la nne halikupata bahati hiyo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba maneno yana visawe na vinyume, na kwamba sentensi nyingine zina utata, naye hupewa mifano mitatu minne ya utata huo. Jinsi utata unavyozaliwa, na kanuni inayoweza kuuondoa, ni mambo ambayo aghalabu hayaulizwi.

Makala haya yanakusudia kuupima mkabala mmoja unaoyauliza mambo hayo, nao ni ule unaoichunguza maana kwa njia ya mantiki na hesabu. Hoja yangu ni moja. Mkabala huu una faida kubwa kwa Kiswahili, lakini ni kwa sharti kwamba ushahidi wake utoke katika Kiswahili chenyewe, wala usiwe tafsiri ya mifano iliyotungwa kwa lugha nyingine. Atakayelishika sharti hilo ataona jambo la kushangaza kidogo: kwamba usemi wa sokoni una vyombo vya kupimia maana ambavyo maandishi yetu rasmi yanaweza kuvitupa bila kujua thamani yake. Ushahidi nitautoa Kariakoo na katika mitaa ya kati ya Dar es Salaam, ambako maana ya sentensi ikipotoka kidogo, fedha hupotea.

Kwanza tuueleze mkabala wenyewe. Mwanzo wake ni kazi ya Gottlob Frege, Mjerumani aliyefundisha hesabu katika chuo kikuu cha Jena. Mwaka 1879 alitunga mwandiko wa alama kwa ajili ya mantiki, na mwaka 1892 akaandika makala mashuhuri yaliyotenganisha maana iliyobebwa na neno na kitu kinachotajwa kwa neno hilo. Alfred Tarski wa Polandi, mwaka 1933, alieleza jinsi ukweli wa sentensi unavyoweza kufafanuliwa katika lugha za alama, ila hakuwa na imani kwamba lugha za kila siku zingeistahimili kazi hiyo. Richard Montague, aliyefundisha Los Angeles mpaka alipokufa mwaka 1971, aliikataa shaka hiyo. Alishika kwamba hapana tofauti ya msingi kati ya lugha za watu na lugha za wanamantiki, na katika makala yaliyotoka mwaka 1973 akajaribu kuithibitisha imani hiyo kwa kuchanganua sehemu ya Kiingereza.

Kanuni zake kuu ni mbili. Ya kwanza yasema kwamba kuijua maana ya sentensi ni kuijua hali ya mambo ambayo ingeifanya sentensi hiyo iwe kweli. Ya pili yasema kwamba maana ya kitu kizima hutokana na maana za viungo vyake pamoja na namna viungo hivyo vilivyounganishwa. Wako watakaosema kwamba hizi ni fikira za kigeni. Lakini neno mantiki lenyewe limo katika lugha yetu tangu zamani, tumelipata kwa Waarabu. Na wanazuoni wa fikihi wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya neno la jumla na neno la mahususi, wakiuliza kama amri isemayo "watu wote" inawakusanya wote bila ya kumbakisha mmoja. Swali si geni hata kidogo. Lililo geni ni mwandiko wake tu.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndiyo yaliyo mepesi. Kariakoo ni jina lililotoka katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, kilichopiga kambi mahali pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Anayesema leo kwamba anakwenda Kariakoo hataji wapagazi wala vita, anataja mahali. Mnazi Mmoja ni mfano ulio bora zaidi, kwa sababu viungo vyake vyote viwili ni maneno ya Kiswahili yanayofahamika. Tukisema "Mkutano utafanyika Mnazi Mmoja", sentensi haiwi uongo hata kama pale pasingekuwa na mnazi wowote. Je, kanuni ya pili imevunjika? La, maana sarufi yenyewe imetuonya. Twasema "Mnazi mmoja umeanguka", lakini twasema "Mnazi Mmoja pamejaa watu". Upatanisho wa *u* wahesabu mti, na upatanisho wa *pa* wataja mahali. Kiswahili kimeweka alama ya wazi pale ambapo maneno mawili yameacha kuwa viungo na kuwa jina moja.

Sasa tuingie katika bei, ambako jambo ni zito zaidi. Jengo la soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 liliungua moto. Lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikukoma, na usemi wake ni ule ule. Muuzaji akionyesha nguo na kusema, "Mashati haya matatu, elfu kumi," sentensi hiyo ina tafsiri mbili. Huenda mashati yote kwa pamoja ni shilingi 10,000, na huenda kila shati ni shilingi 10,000, jumla yake ikawa 30,000. Tofauti ni shilingi 20,000, nayo haitokani na neno lolote kuwa na maana mbili. Shati ni shati, tatu ni tatu, na elfu kumi ni elfu kumi. Utata umo katika kuunganisha: je, bei yaambatana na kundi, au yaambatana na kila kimoja kilichomo katika kundi?

Muuzaji asiyetaka ugomvi husema, "Mashati haya, elfu kumi kumi." Hapo utata umekwisha. Kuirudufisha hesabu kumeamuru bei igawiwe kila shati. Katika mwandiko wa mantiki ingetupasa kuandika: kwa kila *x*, kama *x* ni mojawapo ya mashati haya, basi bei ya *x* ni shilingi 10,000. Mstari mzima wa alama umebebwa na neno moja lililorudiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "mia mia", "mia tano tano", "laki moja moja", na hata kwa maneno ya vijana wa mjini, "jero jero" kwa shilingi 500 na "buku buku" kwa shilingi 1,000.

Lakini tutazame kwa makini kilichorudiwa. Katika "elfu kumi kumi" kilichorudiwa ni "kumi" peke yake, na kinachogawiwa ni elfu kumi nzima. Katika "mia tano tano" hakuna mtu anayefahamu kwamba tano zinagawiwa mia. Mtu akiifuata kanuni ya pili kwa haraka, akaunganisha neno kwa neno kutoka kushoto kwenda kulia, atapata maana ambayo hakuna Mswahili anayeijua. Yampasa akubali kwamba kurudufisha ni alama ya kirai kizima, ila alama hiyo imepachikwa mwishoni mwake, kama muhuri unavyopigwa chini ya barua ukaithibitisha barua yote. Hili ni funzo ambalo mifano ya Kiingereza haitoi, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno la pembeni kuigawa bei, wala hakirudufishi hesabu.

Pana funzo la pili, nalo ni la ndani zaidi. Tuseme wapagazi watatu wanahamisha mzigo. "Wapagazi watatu walibeba magunia mawili mawili" yaweza kuwa na maana kwamba kila mpagazi alibeba magunia 2, jumla yakawa 6. Basi twaweza kudhani kwamba kurudufisha maana yake ni "kila mtu". Dhana hiyo huanguka mara tunapomchukua mpagazi mmoja: "Mpagazi alibeba magunia mawili mawili mpaka jioni." Hapa hakuna watu wa kugawiwa, na sentensi ni sahihi kabisa. Kilichogawiwa ni safari: kila alipokwenda alikwenda na magunia 2. Kwa hiyo sentensi ya kwanza nayo ina tafsiri nyingine, kwamba wapagazi watatu kwa pamoja walihamisha magunia 2 kwa kila safari, na jumla haikutajwa. Nadharia ya maana inayohesabu watu na vitu tu haitoshi kwa Kiswahili. Yataka ihesabu na matukio. Wako wanamantiki waliofika katika hitimisho hilo kwa njia ndefu. Kiswahili chalidai tangu mwanzo, tena kwa sentensi ambayo mtoto wa miaka mitano huielewa.

Kutoka kwa hesabu tuje kwa silabi. Sentensi moja iliyompa Montague kazi kubwa ni ile ya mtu anayemtafuta mnyama wa hadithi mwenye pembe moja. Kwa Kiingereza ina tafsiri mbili: kwamba yuko mnyama fulani naye anatafutwa, au kwamba mtu huyo anatafuta tu, na yeyote atakayepatikana atafaa, hata kama wanyama wa namna hiyo hawapo duniani. Montague aliipa sentensi hiyo moja njia mbili za kujengwa ili maana zake mbili zitengane.

Kiswahili mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa silabi moja. Mshonaji anayeingia madukani na kusema, "Natafuta cherehani," hana cherehani maalumu moyoni. Akisema, "Naitafuta cherehani," msikilizaji hufahamu kwamba iko moja inayojulikana, pengine iliyopelekwa kutengenezwa ikachelewa. Vivyo hivyo, "Natafuta dawa ya kuzuia uzee" yaweza kuwa kweli hata kama dawa hiyo haipo. Bali mwenye kusema "Naitafuta dawa ya kuzuia uzee" amekwisha kukiri kwamba ipo.

Hapa sarufi za shule zitatupinga. Hufundisha kwamba mtendwa akiwa mtu, silabi yake haina budi kutiwa katika kitendo: "Nimemwona Juma", si "Nimeona Juma". Kanuni ni njema, lakini maana yaipita. Mwanamume husema "Natafuta mke", na hakosei sarufi. Mwenye nyumba husema "Natafuta mpangaji" pale chumba kinapokuwa kitupu. Na akisema "Namtafuta mpangaji", majirani watafahamu kwamba chumba kina mtu, na kodi haijalipwa. Basi kanuni ya kweli si kwamba mtu lazima apewe silabi. Kanuni ni kwamba silabi hutakiwa pale mtu huyo anapokuwapo, na huweza kuachwa pale anapokuwa bado ni haja ya moyo tu. Tena si lazima awe anajulikana, maana twasema "Nimemwona mtu mlangoni" bila ya kumjua ni nani. Kwa mtu, silabi yadai kuwapo. Kwa kitu kama cherehani, yadai kuwapo na kujulikana pia. Sikuweza kuitenganisha tofauti hii mpaka nilipouliza kwa kila sentensi swali la wanamantiki: ni hali gani ya mambo ingeifanya iwe kweli? Hiyo ndiyo faida ya mkabala, na si haba.

Jambo la tatu ni ukanushi. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia utozaji wa kodi. Tufikiri kwamba mwandishi wa habari angeandika siku ile, "Maduka yote hayakufunguliwa." Kama maduka 10 yalifunguliwa katika uchochoro fulani, je, ameandika uongo? Wasomaji wangebishana, na kila upande ungekuwa na haki yake. Ukanushi na neno "yote" vinashindania mamlaka. "Yote" likitawala, maana ni kwamba hakuna duka lililofunguliwa. Ukanushi ukitawala, maana ni kwamba baadhi tu yalifunguliwa. Kiswahili chatupa njia mbili za kuukwepa ugomvi huo. "Hakuna duka lolote lililofunguliwa" lina tafsiri moja tu. "Si maduka yote yaliyofunguliwa" nalo lina moja tu, kwa kuwa "si" imetangulia na kulitawala neno linaloifuata. Anayeandika sentensi tata ilhali lugha imempa zilizo wazi, lawama ni yake, wala si ya lugha.

Mpaka hapa nimeusifu mkabala. Haki yataka niutaje na upungufu wake. Kanuni ya kwanza yaufanya ukweli kuwa kipimo cha maana. Lakini sehemu kubwa ya usemi wa sokoni haisemi kweli wala uongo. Muuzaji anapotaja "elfu ishirini" hatoi habari juu ya kiatu. Anafungua mlango wa mapatano. Mnunuzi anapouliza, "Mwisho ngapi?" na kujibiwa, "Mwisho elfu kumi na tano," wote wawili wanajua kwamba mwisho huo huenda una mwisho mwingine nyuma yake. Ambaye angemshitaki muuzaji kwa uongo baada ya kupewa kwa elfu kumi na mbili angechekwa. John Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alilionyesha jambo hili katika mihadhara ya mwaka 1955 iliyochapishwa kitabu mwaka 1962 baada ya kifo chake: kwamba kusema mara nyingi ni kutenda, na tendo hupimwa kwa kufaa au kutofaa, kutimia au kutotimia.

Watetezi wa mkabala hujibu kwamba hata ahadi na maombi yana kiini, na kiini hicho hupimwa vile vile. Ili nijue nimeahidiwa nini katika "elfu kumi kumi", sina budi kujua ni malipo gani yatakayoitimiza ahadi hiyo. Jibu hilo nalikubali kwa kurudufisha, kwa silabi ya mtendwa na kwa ukanushi. Silikubali kwa neno "mwisho". Maana yake sokoni hutegemea limesemwa katika hatua gani ya mapatano: mwanzoni ni mwaliko, na mnunuzi anapogeuka kuondoka ni karibu kweli. Hakuna jedwali la viungo litakaloonyesha hayo peke yake. Basi mantiki ni mizani ya baadhi ya bidhaa, wala si ya zote.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini jambo hili litushughulishe leo. Sababu iko umbali mdogo kutoka sokoni, katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu na nyingine kama hiyo. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendesha kazi yake kwa Kiswahili siku nyingi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama za ngazi zote, Kiingereza kikibakizwa kwa masharti maalumu. Kuanzia hapo utata wa sentensi ya Kiswahili si zoezi la darasani tena. Ni jambo linaloweza kuamua nani alipe na kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wawili wanapanga fremu moja ya duka, na mkataba unasema: "Wapangaji watalipa kodi ya shilingi laki tano kila mwezi." Mwenye fremu adai laki 10, wapangaji wasema ni laki 5 kwa wote. Neno "kila" limeigawa kodi kwa miezi, lakini halikusema kama imegawiwa watu. Kama mwandishi angeandika "laki tano tano", au "kila mpangaji atalipa laki tano", au "wapangaji kwa pamoja watalipa laki tano", shauri lisingezaliwa. Katika njia hizo tatu ile ya kwanza ndiyo fupi, ndiyo ya kale katika vinywa vya watu, na ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mwandishi wa sheria anayefasiri kutoka Kiingereza hataikuta katika asili yake, na akiikuta katika maneno ya shahidi atashawishika kuifuta akidhani ni usemi wa mitaani. Atakuwa ameifuta alama ya mantiki kwa kuidhania kuwa kasoro ya adabu.

Hatari ndiyo hiyo. Kiswahili rasmi kinaweza kupata istilahi elfu na wakati huo huo kikapoteza vyombo vyake vya usahihi, kwa sababu istilahi huundwa na kamati na kuhesabiwa, bali kurudufisha hesabu, kutia au kutotia silabi ya mtendwa, na kulitanguliza "si" mbele ya "wote" ni mambo ambayo hayamo katika orodha ya maneno. Kamusi haiwezi kuyalinda. Yatalindwa na sarufi ya maana, nayo haitaandikwa kwa kufasiri vitabu vya Los Angeles.

Kwa hiyo nawashauri walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu mambo mawili. Kwanza, mkabala wa mantiki ufundishwe kwa Kiswahili na kwa mifano ya Kiswahili: darasa lianze na "elfu kumi kumi" kabla ya kufika kwa mnyama mwenye pembe moja, na kila kanuni ipimwe kama yastahimili magunia mawili mawili ya mpagazi mmoja. Pili, wakusanye sentensi za mikataba, za hukumu na za matangazo, wazipange kwa namna ya utata uliomo, na mbele ya kila sentensi tata waandike sentensi iliyo wazi ambayo lugha imekwisha kuitoa. Kazi hiyo haidai mitambo wala safari ya mbali. Yadai sikio, subira, na kukubali kwamba mwenye kunadi mashati pembeni mwa Mtaa wa Kongo hufuata kanuni ambayo wasomi bado hatujaiandika.